Mlio Chini ya Kuka

Molo, 9 Machi 2025

Kwa ndugu yangu mpendwa Wasike,

Nakusalimu katika jina la Bwana. U hali gani, na kile kizunguzungu bado kinakushika ukisimama? Mkeo Sue naye mgongo wake vipi? Huku juu tuko wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna vidole asubuhi. Ng'ombe wanatoa vizuri. Binti yangu Fancy tumbo limekuwa kubwa hata miguu yake haioni, sasa anavaa gumbuti za marehemu baba yake. Tunamshukuru Mungu.

Najua hupendi barua za huruma, na hii si ya huruma. Nikipiga simu anashika Sue, ananiambia umekaa chumbani umegeukia ukuta. Nikituma SMS unajibu "sawa". Sasa nina shida ambayo "sawa" haiwezi kuitosha, ndiyo maana nimekaa na kalamu, na barua nitampa Nicodemus wa lori la viazi amwachie Sue sokoni.

Kuka analia chini. Ndiyo, ile landrova aliyoniachia Baba Fancy, tuliyoipa jina Kuka kwa vile inakohoa kila asubuhi kama kuka wetu, yule babu aliyefanya kazi reli. Kukohoa nimezoea. Hii si kukohoa. Kuna mlio mdogo, kling, kling-kling, kama kijiko ndani ya kikombe kitupu, huo unakuja tukipita mawe. Halafu kuna mwingine mkubwa, na huo, ndugu yangu, sijui niuandike vipi. Ng'oooo, halafu taa! Kama mlango wa stoo unaofunguliwa kwa nguvu kisha ukagonga fremu. Ukilia nausikia kwenye nyayo.

Nimempeleka kwa fundi Jamleck hapa Molo. Akalala chini, akagongagonga, akazunguka nayo stendi, akaniambia, "Mathe, gari iko fiti kuliko mimi." Nikalipia chai tu nikarudi. Kesho yake, ng'oooo.

Ningeuacha ulie, kwa maana mimi na uzee wa Kuka tumezoeana. Hata mlango wa kushoto umekuwa na kiburi siku hizi. Nikishapakia maziwa haufungi, lazima niuinue na goti, lakini nikishusha mikebe pale Molo unaingia wenyewe kama mtoto wa Sunday School. Lakini barabara yetu unaijua. Mvua ikishika, boda hawapandi, teksi ndiyo usiseme. Ni Kuka peke yake anayefika kwa lami. Na Fancy kliniki wamemwambia atajifungua mwanzo wa Aprili. Mwaka juzi tulichelewa, tukampoteza mtoto wake wa kwanza njiani, pale kona ya Muiruri. Siandiki zaidi ya hapo.

Nimeomba, na kila nikiomba ni jina lako linakuja. Nisaidie.

Dada yako,
Milcah


Kiamunyi, 14 Machi 2025

Dada Milcah,

Salamu. Niko. Sue yuko, mgongo unamsumbua lakini anaenda soko. Viazi vilifika. Vingine ni vya kijani, mwambie Nicodemus asiviache juani.

Unamwandikia kiziwi habari ya mlio. Nilicheka mpaka Sue akaja kuangalia kuna nini. Unajua nilivyokuwa. Gari likiingia geti la gereji nilikuwa najua ugonjwa wake kabla dereva hajazima. Sikuwa na kipaji kingine, Milcah. Ile homa ya mwaka jana ingechukua mguu ningesema asante. Kanisani naenda, naona watu wanafungua midomo kama samaki, natoka kabla ya mahubiri. Usimwambie pasta.

Nilikuwa nimeiweka barua yako chini ya godoro. Jana nikaitoa tena.

Sikiliza. Mlio unafanana na nini, hiyo haitanisaidia sana, kila mwanamke ana stoo yake na kijiko chake. Niandikie unatokea wapi na lini. Ukikata kona kulia au kushoto? Ukishika breki au ukiachilia? Ukipanda au ukiteremka? Ukiwa na mzigo au bila? Kila moja ni ugonjwa tofauti.

Na mwambie huyo Jamleck ashike ile propela, huo mti wa chuma unaozunguka katikati chini ya gari, aizungushe kwa mkono huku na huku. Ikicheza, ni yuni jointi, kile kiungo chake. Abadilishe.

Fancy asipande hiyo gari mpaka tujue.

Ndugu yako,
Wasike


Molo, 22 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Wasike,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba Sue amepata ile dawa ya kujipaka niliyomtumia. Mvua imeanza Jumatano. Iliingia na mawe, sukuma wiki yangu yote imetobolewa kama kichujio. Hatuna la kusema, ni yeye mwenye mvua.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwa kukunjwa. Ulisema ulicheka. Hicho kicheko nimekitolea sadaka, wacha nikwambie.

Nilimpelekea Jamleck maagizo. Akasoma, akaniuliza, "Huyu ndugu yako anajua haya yote na hasikii?"

"Hasikii kitu."

"Basi anasikia kuliko mimi, mathe, kwa sababu mimi hapa nina masikio mawili na sisikii huo mlio wako."

Alishika propela, ikacheza kweli. Amebadilisha yuni jointi ya nyuma. Nikashangilia mpaka nyumbani. Asubuhi yake nikateremka na maziwa, ng'oooo, taa!

Sasa nakujibu kama shahidi kortini. Kona haina neno, nimekata kulia na kushoto, kimya. Kupanda, kimya. Kling-kling inakuja kwa mawe wakati wowote, niwe na mzigo nisiwe nao. Lakini ng'oooo inakuja nikiteremka, nikishika breki, na nikiwa nimepakia. Nikirudi mtupu kutoka Molo nashika breki hata kwa makusudi, hakuna. Ndiyo maana Jamleck hasikii. Kwake mimi hufika nikiwa nimeshashusha mikebe.

Nikamwambia, "Basi panda na mimi asubuhi nikiwa na mzigo." Akaangalia matope yaliyofika mlangoni, akasema ana harusi. Siku ya kazi, Wasike! Harusi!

Fancy anasema nimekuwa kichaa, naendesha nikiwa nimetoa kichwa nje kama mbwa. Jana ameniuliza, "Mama, na kama Kuka hatapona?" Nikamwambia atapona. Usiku nimebaki kujiuliza nilimjibu kwa imani au kwa woga. Tumbo limeshuka. Akina mama wa kanisa wanasema haitafika katikati ya mwezi.

Nijibu mapema, na uniambie tena ukicheka.

Dada yako,
Milcah


Molo, 30 Machi 2025

Kwa Wasike wangu,

Salamu za furaha! U mzima? Sijangoja barua yako maana hii haiwezi kungoja. Tumeupata!

Jumatatu nilimfuata Jamleck mpaka kwake, nikasimama mlangoni mpaka mkewe akamwaibisha. Akaja na waya. Kuna matundu kwenye chasi, ile mihimili miwili ya chuma inayobeba gari, na ndani ya mhimili wa kushoto akachokoa, akachokoa, kling! Akavuta. Ikatoka chupa, Wasike. Chupa ndogo ya glasi, na kipande cha kitenge kilichooza.

Mimi nikajua ni uchawi. Nikaanza kukemea hapo hapo, Jamleck amekimbia na spana mkononi. Ndipo akapita Mama Chelagat, mwenyekiti wetu wa akina mama, akaona ninachokemea, akashika mdomo.

"Milcah, wacha! Hiyo ni yangu."

"Yako vipi?"

"Ni mafuta ya upako. Siku ile tuliombea gari, baada ya mazishi ya Baba Fancy. Nilisema ukiyapaka juu mvua itaosha. Nikayaficha ndani, gari lenyewe liyabebe."

Kumbe kitenge kilikuwa kimeifunga isigonge, kikaoza, ndiyo maana ikaanza kulia. Na ule mlio mkubwa? Jamleck amenieleza: nikiteremka na breki, chupa inaviringika kwa nguvu mpaka mwisho wa chasi na kugonga chuma, na chuma kitupu ndani kinavuma kama kengele. Ndiyo ule mlio wa "taa!" Hata mimi nimeona ina maana.

Tukaendesha mpaka kanisani na kurudi. Kimya kabisa. Leo nimetoa ushuhuda mbele ya watu, Mama Chelagat akainuka naye, watu wamecheka mpaka pasta amefuta macho. Yale mafuta tumeyapaka kwa boneti.

Kwa hivyo usijisumbue tena na mimi. Fancy uchungu ukianza, nampakia na maziwa ya asubuhi tuteremke, maana mikebe siwezi kuiacha iharibike. Mlango wa kushoto nimeufunga kwa kamba ya ng'ombe, umezidi. Utakuwa babu wa mtu kabla ya Pasaka.

Dada yako mwenye furaha,
Milcah


Kiamunyi, 2 Aprili 2025

Milcah,

Mungu akipenda hii ikufikie kabla hujapakia mtu. Salamu baadaye.

Hiyo chupa ni kling-kling. Hiyo nakubali. Ng'oooo si chupa. Chupa ingelia hata ukiwa mtupu, ukiteremka na breki. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba ukiwa mtupu hakuna. Na mlipojaribu mpaka kanisani mlikuwa watupu tena. Mmekuta kelele moja mkazika mbili.

Nimetandaza barua zako zote kitandani. Nilikuwa nasoma habari ya mlio kwa sababu wewe uliandika habari ya mlio. Ningesoma habari ya mlango. Ukipakia haufungi, ukishusha unafungika. Mlango haujui mzigo, Milcah. Chasi ndiyo inajua. Ikiwa imepasuka, uzito unaikunja, nafasi ya mlango inabanwa. Ukishika breki kwenye mteremko mzigo wote unakuja mbele, ufa unafunguka, ndiyo ng'oooo. Ukiachilia, unajifunga, ndiyo ile "taa!" yako.

Itakuwa upande huo wa kushoto, nyuma ya gurudumu la mbele. Hamwezi kuuona kwa sababu ya ile rangi nyeusi nzito aliyopaka mtu aliyemuuzia Baba Fancy. Jamleck aparure na msasa. Ikikatika ukiwa kona ya Muiruri, gurudumu la mbele linaenda lake na ninyi mnaenda bondeni.

Nimetuma SMS, zinakaa hapo hazifiki. Nimepiga pia, nimeshika simu nikipiga kelele, Sue akiangalia kama kuna mtu, anatikisa kichwa. Network yenu imeanguka na mvua. Nicodemus hajashuka tangu juzi. Barua hii Sue anampa dereva wa lori jingine la kabeji.

Nangoja mpaka kesho kutwa. Kama sina jibu nakuja mwenyewe. Sue analia, anasema nitavukaje barabara.

USIPAKIE.

Wasike


Molo, 17 Aprili 2025

Ndugu yangu mpendwa, Wasike,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuvusha. Umeamkaje? Mguu wako uliokwaruzika umepona? Ulituacha hospitali bila hata kuaga. Nilitoka kutafuta chai, nikarudi nikakuta kiti kitupu. Sue ameniambia kwa simu kwamba ulifika salama, nikalia hapo kwa laini.

Barua yako ya tarehe mbili ilifika juzi, imelowa, imepitia mikono mingi kuliko kikapu cha sadaka. Ilikuja baada yako. Nimeisoma nikiwa nimekaa.

Nakuandikia kwa sababu ulikuwepo lakini hukusikia. Ulikuwa chini ya gari na mimi nilikuwa juu. Nataka uwe nayo yote.

Uchungu ulimshika Fancy wakati wa kukamua. Nilikuwa nimeshapakia mikebe. Mama Chelagat akakaa nyuma akimshika, nikafunga mlango na kamba, tukateremka. Hapo hapo kwa geti la kanisa: ng'oooo, taa!

Mama Chelagat akasema, "Chupa si ilitoka?"

"Ilitoka."

"Basi hiyo ni nini?"

"Imba, Mama Chelagat."

Akaimba. Ikalia tena, tena kwa muda mrefu zaidi, na mimi nikaimba kwa nguvu niifunike. Huo ndio ukweli. Sikuwa na pa kugeuzia, matope ukuta huku na bonde kule, na Fancy alikuwa ameanza kuniita kwa jina langu la kuzaliwa badala ya Mama.

Tukaingia kona ya Muiruri. Katikati ya barabara kuna mtu ameinama, amevaa gunia kichwani, mgongo kwetu, anatoa matope kwenye kiatu. Nikapiga honi. Nikapiga tena, nikalala juu yake. Mama Chelagat akatoa kichwa: "Mzee! We mzee! Unataka kufa?" Hata bega halikutikisika. Ndipo nikajua ni wewe. Nilikujua kwa kutogeuka kwako.

Nikakanyaga breki na miguu yote miwili. Wasike, ule mlio sasa haukuwa ng'oooo. Ulikuwa KRAAA, kama mti unaoanguka, na Kuka akainama kwa kushoto kama ng'ombe anayepiga goti, akateleza kando kando, mikebe ikagonga kiti changu, Fancy akapiga yowe moja. Halafu kimya, injini imezima. Ulikuwa karibu hata ningekushika kola kupitia kioo. Ndipo ukageuka, kiatu mkononi. Sijui ulihisi nini, ardhi ama joto la injini. Ukaangalia gurudumu, hata mimi hukuniangalia, ukaingia chini.

Sasa haya ndiyo hukusikia. Ulikuwa ukipiga kelele huko chini, hujui sauti yako siku hizi ni kubwa kiasi gani. "IMEFUNGUKA! KIDOLE KINAINGIA! MSISHUKE KWA NGUVU!" Bonde lote lilikusikia. Na Fancy akajibu, "Anko amelala hapo chini, na mimi nizalie hapa juu? Mwambieni achague!" Mama Chelagat alicheka na kulia pamoja.

Ulipotoka ukaenda kung'oa ule mti wa mtarakwa kwenye ua, Muiruri mwenyewe, mwenye shamba la hapo, alikuja mbio na panga. "Boss! Boss! Hiyo fensi ni yangu! Nakwambia weka chini!" Wewe unang'oa tu. Alikutukana kikwetu na kikwao. Nikamwambia hasikii, na ndani kuna mtoto anakuja. Alisimama akaangalia gari, akaangalia bonde. Akakata ule mwingine kwa panga lake akakuletea. Wewe ulifikiri alikuja kukusaidia tangu mwanzo, ukamshika mkono kumshukuru. Amenituma nikwambie pole kwa maneno ambayo hukuyasikia. Amesema anaona aibu kukuomba msamaha na hujui ni kwa nini.

Tulivyoifunga chasi kati ya ile miti miwili na mnyororo wa ng'ombe, hiyo uliiona. Mikebe yote tuliishusha kando ya barabara, maziwa yakabaki hapo na mtoto wa mtu hajayagusa. Halafu ukaenda mbele, kiganja kwenye madigadi, ukitembea nyuma nyuma, ukiniangalia. Mkono mwingine ukiinuka nasimama, ukilala nasogea. Sikusikiliza tena kitu. Maisha yangu yote nimeendesha kwa masikio na maombi, siku hiyo niliendesha kwa mkono wako. Nyuma Mama Chelagat alikuwa ameacha kuimba. Ilikuwa sauti ya mnyororo tu, cheche-cheche-cheche, polepole, na Fancy akihema. Pale mahali tulipompoteza yule wa kwanza, Fancy alisema neno moja, "Pita." Nilipita.

Kwa lami gari la wagonjwa lilikuwa limefika, Muiruri alikuwa ametangulia kuliita. Mengine unayajua.

Lakini kuna moja hulijui, na ndilo limenifanya nishike kalamu leo badala ya kungoja sikukuu. Mtoto alipotoka na nesi akamwinua, nilikuona kwenye mlango. Ulikuwa unaangalia mdomo wake. Ulifunguka, ukaona kilio na hukukisikia, na uso wako ukafanya kitu nikashindwa kukuangalia. Najua ndiyo sababu uliondoka.

Basi ngoja nikupe. Kwanza hakulia. Ilikuwa kama bolti ya kutu unapoiwekea spana na kuilazimisha, ngi, ngi, haitaki. Halafu ikakubali kidogo, ngiii, ikakwama. Nesi akampiga mgongo. Ndipo ikaachilia, Wasike, ikazunguka yenyewe, ngeee, ngeee, ngeee, kwa hasira, bila kuchoka, mpaka mwanamke wa kitanda cha pili akasema, "Huyo amekuja na honi." Hakuna kitu kinagonga ndani yake. Nilimsikiliza kwa ajili yako, nikasikiliza mpaka mwisho, yuko sawa kabisa.

Ni msichana. Mimi sasa ni kukhu, bibi wa mtu, na wewe umekuwa kuka wa mtu, utake usitake.

Huyo Kuka mwingine bado yuko kwa Jamleck, amefungwa na miti ya Muiruri. Jamleck amekataa kumgusa. Anasema aliyeona ufa kutoka Kiamunyi ndiye atamwonyesha pa kuchomelea, na yeye atashika taa. Maziwa nabebesha punda kwa sasa.

Msalimu Sue sana. Nijibu upesi, hata kama ni mstari mmoja, uniambie unakuja siku gani. Usiniandikie "sawa". Andika siku.

Ni mimi dada yako,
Kukhu Milcah